Daraja likishindwa magari tuachieni sisi wa miguu

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Chattanooga, mji wa jimbo la Tennessee huku Marekani, huu mwaka wa tisa nipo huku na gazeti lako nalisoma kwenye simu kila asubuhi nikisubiri basi la kwenda kazini. Sijawahi kuandika barua kwa mhariri ila hii imenikaa moyoni muda mrefu, naomba nafasi, na ukiona imezidi urefu kata unapoona panafaa lakini ile sehemu ya shamba la mkonge naomba uiache kama ilivyo.

Kilichonisukuma ni hivi. Wiki mbili zilizopita nilituma picha kwenye grupu letu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja shule ya msingi, picha ya daraja la hapa mjini linaitwa Walnut Street Bridge, daraja la chuma la zamani limepakwa rangi ya bluu, watu wamejaa juu yake wanatembea na watoto wao na mbwa wao, hamna gari hata moja. Mtu wa kwanza kujibu akauliza hivyo vyuma vyote ni tani ngapi, afu mwingine akaandika bei ya kilo ya skrepa ya sasa hivi, wakaanza kupiga hesabu. Sikuwakasirikia maana najua maisha yalivyo. Ila usiku ule usingizi ulikuwa mgumu, kwa sababu hesabu hiyohiyo ndo iliyolila daraja letu sisi, na wote tuliomo kwenye lile grupu tulikuwa tunapita juu yake kwenda shule.

Ngoja nianze na hili la huku. Mji huu umekatwa na mto Tennessee, mto mpana wenye maji mengi mwaka mzima. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe jeshi lilijenga daraja hapa, mafuriko ya mwaka 1867 yakalibeba, na kuanzia hapo kwa zaidi ya miaka 20 watu wakawa wanavuka kwa kivuko, na adha ya kivuko sisi hatuhitaji kusimuliwa. Daraja hili ninalosema likafunguliwa Februari 1891. Aliyelichora ni injinia anaitwa Edwin Thacher na walioliunda ni kampuni ya Toledo kule Ohio, urefu wake ni zaidi ya mita 720, yani ukitembea bila haraka unatumia dakika kumi hivi kutoka upande huu mpaka ule. Ng'ambo ya kaskazini palikuwa na makazi yakiitwa Hill City na wengi waliokaa kule walikuwa watu weusi, wakiwemo waliotoroka utumwa enzi zile za vita, kwaiyo daraja ndo lililowaunganisha na mjini kwenye vibarua vyao.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi seremala, alipaua nyumba nyingi Muheza na Korogwe, na siku ya kwanza nilipolitazama daraja hili kwa pembeni nilimkumbuka yeye, maana ni kama mtu kachukua kenchi za nyumba, yale mafremu ya mbao yanayobeba paa, akazisimamisha wima, moja kushoto moja kulia, akapitisha njia katikati. Na kazi yake ni ileile ya kenchi. Baba alikuwa anatufundisha kwa vipande vya mbao, ukigonga mbao nne ukapata mraba ukausukuma unalala, ila mbao tatu ukizifunga pembetatu sukuma mpaka jasho likutoke haitikisiki. Basi hawa walipanga pembetatu kubwa za chuma kuvuka mto, vyuma vya juu vinabanwa na uzito, vya chini vinavutwa, na kwenye maungio wamepitisha pini nene, kuchomelea kwa namna ya siku hizi kulikuwa bado. Halafu mgongo wa juu haukunyooka, umeinuka katikati umeshuka miishoni kama nundu ya ngamia na hata wenyewe wanaliita hivyo, kwa sababu katikati ndo mzigo unapoelemea zaidi kwaiyo pale kenchi inatakiwa iwe ndefu kwenda juu. Hakuna chuma kilichowekwa pale kwa urembo. Na bado ni zuri, jioni jua likipiga vile vyuma kivuli chake kinaanguka kwenye mbao kama mkeka umetandikwa, mi nimepiga picha mia na zaidi na hakuna hata moja iliyopata vile macho yanavyoona.

Lilibeba mikokoteni ya farasi, likabeba magari, mpaka mwaka 1978 wakalikagua wakasema halifai tena kwa magari, wakafunga. Mji ulikuwa na madaraja mengine ya kupitishia magari, kwaiyo hakuna aliyekwama na gari lake. Likakaa pale linapata kutu, miaka inaenda, na hela ya kulibomoa ikatengwa. Hapa ndo napenda sana hii habari. Wananchi wa kawaida wakasema hapana, tena wakati ule mji wenyewe ulikuwa hoi, mwaka 1969 ulikuwa umetangazwa kwenye taarifa ya habari ya taifa zima kwamba una hewa chafu kuliko miji yote ya Marekani kwa ajili ya moshi wa viwanda, afu viwanda vikaanza kufungwa moja baada ya kingine, watu wanahama, katikati ya mji jioni panabaki patupu. Mji wa namna hiyo ungesema una shida kubwa zaidi ya daraja la kutembelea kwa miguu. Lakini walikaa vikao, wakabishana, wakachangishana, vibao vidogo vyenye majina ya waliotoa hela vikawekwa darajani, na ile hela iliyokuwa imetengwa kubomoa ikakubaliwa itumike kutengeneza. Mwaka 1990 likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria na Mei 1993 likafunguliwa upya kwa ajili ya watu wa miguu na baiskeli tu. Matengenezo yaligharimu kama dola milioni 4 na ushee. Hela nyingi kweli, lakini na kubomoa mita mia saba za chuma juu ya mto nako sio bure, na ukishabomoa unabaki na mto mtupu.

Baada ya hapo ng'ambo ya kaskazini ikabadilika, maduka yakafunguliwa, mikahawa, mwaka 1999 wakaweka bustani kubwa chini ya daraja mtoni kabisa, watoto wanacheza maji pale kiangazi chote. Upande wa mjini walikuwa wameshajenga nyumba kubwa ya samaki na viumbe wa majini iliyofunguliwa 1992, kwaiyo mtu akija kutalii anatoka kule anavuka kwa miguu anakula upande wa pili anarudi. Daraja halikufanya hayo yote peke yake, ila lingekuwa limebomolewa mtu angevukaje.

Na kuna sisi. Marekani bila gari ni kama kufungwa miguu, barabara nyingi hazina hata pembeni pa kupita, unatembea kwenye nyasi magari yanakupuliza. Huku kuna Wakongo na Warundi wengi waliokuja kama wakimbizi, wengi wamepita kwenye makambi ya Kigoma, kwaiyo Jumapili baada ya ibada ukipita pale darajani unasikia Kiswahili cha kila aina, cha Uvira, cha Bujumbura, cha kambini. Kuna mama mmoja Mrundi umri wa mama yangu, haendeshi gari, kila Jumapili lazima avuke aende na kurudi. Niliwahi kumuuliza shikamoo mama, kwani kuna nini ng'ambo, akasema marahaba mwanangu, hamna kitu, nimeishi kambini miaka mingi kutoka ni kwa kibali, hapa naenda mpaka mwisho narudi na hakuna anayeniuliza karatasi. Toka siku hiyo nikiona mtu anasema daraja la kutembea ni anasa ya matajiri namkumbuka yule mama.

Lakini Mhariri sitakuwa mkweli nikiliandika daraja hili kama kadi ya posta. Juu ya vyuma hivyohivyo vya bluu watu weusi wawili walinyongwa na makundi ya watu. Wa kwanza Alfred Blount, Februari 1893, daraja lina miaka miwili tu. Wa pili Ed Johnson, tarehe 19 Machi 1906. Huyu Johnson alikuwa kijana kibarua, alisingiziwa kumbaka msichana mzungu, mashahidi kadhaa wakasema wakati ule alikuwa kwenye kilabu anafanya kazi, haikusaidia, akahukumiwa kifo haraka haraka. Mawakili wawili weusi wa mji huu, Noah Parden na Styles Hutchins, wakaichukua kesi wakati hakuna wakili mwingine anayetaka kuisogelea, Parden akapanda treni mpaka Washington akamfikia jaji John Marshall Harlan, na Mahakama ya Juu ya Marekani, ile ya mwisho kabisa, ikaamuru hukumu isimame kwanza kesi isikilizwe. Habari zilipofika Chattanooga usiku uleule kundi likavunja jela, wakamtoa, wakamkokota mpaka darajani, wakamning'iniza na kumpiga risasi nyingi. Kabla hajafa aliwaambia Mungu awabariki wote, mimi sina hatia. Maneno hayo yapo kwenye jiwe la kaburi lake.

Mahakama ya Juu ikamshtaki mkuu wa polisi wa hapa, Joseph Shipp, na wenzake kwa kudharau amri yake, na hiyo ndo kesi pekee ya jinai ambayo mahakama ile imewahi kuiendesha yenyewe tangu iwepo. Mwaka 1909 Shipp akapewa siku 90, akamaliza akarudi, akapokewa na umati kama shujaa. Wale mawakili wawili ndo waliohama mji wakaacha kila kitu. Hukumu ya Johnson ilifutwa na mahakama ya hapa mwaka 2000, miaka 94 mtu yuko kaburini.

Nilipojua haya nilikaa miezi kadhaa siendi pale. Na mfanyakazi mwenzangu, mama mweusi mzaliwa wa hapa, aliniambia bibi yake amekufa bila kukanyaga lile daraja hata baada ya kutengenezwa, alikuwa anazunguka na basi. Nikamuuliza sasa si bora wangelibomoa. Akanijibu wangelibomoa wangepata wapi pa kumuweka Ed. Maana Septemba 2021, upande wa kusini daraja linapoanzia, walizindua kumbukumbu, kuna sanamu tatu za shaba zilizotengenezwa na msanii Jerome Meadows, Parden, Hutchins, na Johnson mwenyewe, na Johnson amewekwa kama mtu anayeondoka, mgongo ameupa daraja. Ukitaka kupanda darajani kutoka ile njia unakutana nao kwanza. Mtu ana kigari cha mtoto, ana aiskrimu mkononi, anasimama anasoma. Nimewaona wengi wakinyamaza ghafla. Kama vyuma vingeuzwa 1985 kungekuwa na kibao labda, au kusingekuwa na chochote, na vijana wa mji huu wangekuwa wanasema hayo ni maneno ya wazee.

Sasa nirudi kwetu. Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge mkoa wa Tanga, babu alikuja kama manamba, yani kibarua wa mkataba wa shambani, kutoka bara akabaki. Shamba lilikuwa na reli ndogo ya vitoroli vya kubebea majani ya mkonge mpaka kwenye korona, yani mtambo wa kusaga majani kutoa nyuzi, na reli ile ilipovuka mto walijenga kidaraja cha chuma, kenchi zilezile za pembetatu, kifupi tu labda mita 30, sijui alikichora nani maana hakuna aliyeandika. Mkonge ulipoanguka bei shamba likalala, vitoroli vikaisha, reli ikang'olewa kidogo kidogo, ila daraja likabaki na wanakijiji wakatandika mbao. Tulikuwa tunavuka pale kwenda shule, akina mama wanavuka kwenda zahanati na sokoni, maiti zilivushwa pale kwenda makaburini, harusi zilivuka pale na ngoma. Mvua za masika mto ukijaa unasikia vyuma vinaunguruma chini ya miguu na tulikuwa tunashikana mikono tunaimba ili tusiogope.

Nilikuwa darasa la sita siku walipokuja watu na lori na mitungi ya gesi. Walikuwa na karatasi, walisema wameruhusiwa, vyuma ni mali ya shamba na vimeuzwa. Wazee waliwafuata wakawaambia jamani sisi tunapita hapa, wakajibiwa daraja hili ni la reli na reli haipo, kwaiyo daraja halipo. Mzee mmoja alirudia ile sentensi mpaka anakufa, reli haipo kwaiyo daraja halipo. Siku mbili walikata, jioni ya pili tukawa tunatazamana na wenzetu wa ng'ambo kama watu wa nchi mbili. Kuanzia hapo ni kupita majini kiangazi na masika kuzunguka mpaka barabara kuu, zaidi ya saa nzima kwenda, unatembea pembeni ya mabasi yanayokimbia. Wasichana kadhaa wa darasa langu waliacha shule mwaka ule, wazazi walikataa wasizunguke. Sitaji shamba wala waliouza, wengine walishatangulia mbele ya haki, na sina nia ya kumchafua mtu.

Ninachoomba ni kimoja. Nchi yetu inajenga madaraja makubwa sasa na inastahili pongezi, kila mtu wa Tanga anakumbuka lile daraja jembamba la Wami la mwaka 1959 magari yanasubiriana roho mkononi, leo kuna jipya pana pembeni yake. Kila linapojengwa jipya linabaki la zamani, na kwenye mashamba ya zamani na njia za reli zilizolala bado kuna madaraja ya chuma ambayo hakuna gari wala treni inayapita ila watu wanayapita kila siku. Kabla hamjaleta gesi kaeni siku moja tu pale na daftari mhesabu miguu. Daraja lililoshindwa lori la tani 30 sio kwamba limeshindwa mama mwenye ndoo. Fundi akague viungo na nguzo, zitolewe sehemu zilizooza, zitandikwe mbao mpya, zipigwe rangi maana adui wa chuma ni kutu na dawa ya kutu ni rangi kwa wakati wake, na miishoni ziwekwe nguzo ili bodaboda zisipite. Ile bajeti ya kubomoa ianzie hapo kwanza, kama wenzetu huku walivyofanya. Na watakaosema vyuma vitaibiwa, mi nimeona kinachoibiwa ni kile kilichoachwa bila watu, daraja linalopitwa asubuhi mpaka usiku lina macho.

Najua pia kwamba baadhi ya madaraja yale yalijengwa enzi za mjerumani na mwingereza kwa jasho la watu kama babu yangu na kuna wanaoona heri yapotee na ukoloni wake. Naielewa hiyo hasira. Ila babu alibeba mawe ya nguzo za lile letu kwa mabega yake, kovu alikuwa nalo, na siku vyuma vilipoondoka kwenye lori alisimama kambini anaangalia njia mpaka giza likaingia. Zile nguzo mbili za mawe bado zipo mtoni, kaka yangu amenitumia picha, watoto wanarukia maji kutoka juu yake.

Mwisho Mhariri nina ombi la pembeni. Picha ya daraja lenyewe sinayo na familia nzima hatuna, zama zile kamera ilikuwa ya mwenye studio mjini tu. Jina la shamba na la mto nimekuandikia kwenye karatasi ya pili ambayo sio ya kuchapishwa. Kama kuna msomaji aliyekaa kwenye kambi zile, au mzazi wake alikuwa karani au fundi wa korona na ana picha ya zamani ambayo lile daraja linaonekana hata kwa mbali nyuma ya watu, naomba akuletee wewe ofisini uipige nakala unitumie, gharama ya posta nitalipa.

Wako msomaji,
Mtoto wa kambini
Chattanooga, Tennessee